Salamu za Mwezi Uliopita

Chujio lilisimama lenyewe katikati ya matangazo, likauliza: KATA AU ACHA?

Namkunda Mchome alikuwa na kijiko cha makande mdomoni. Siku nyingine alikuwa akibonyeza KATA bila hata kuweka kijiko chini, kwa sababu aghalabu ni mafuriko ya mahali fulani, au basi limepinduka, au mkubwa mmoja kaongea ovyo. Leo mkono ulimwishia hewani. Kwenye kioo cha kompyuta mpakato yake alisimama mwanamume ambaye hawajawahi kuonana naye, lakini paji lile pana na masikio yale yaliyosimama aliyajua vizuri sana. Alikula nayo meza moja kila siku.

"Habari ziwafikie ndugu Elimringi Towo, aliyeko Mirihi, Kambi ya Barafu," mtangazaji alikuwa akisoma, "kwamba mama yake mzazi, Bibi Ndeonasia Towo wa Machame, amefariki dunia. Kaka yake, ndugu Anaeli Towo, yuko nasi hapa studio."

Anaeli alikohoa. Hakujua atazame wapi, akatazama pembeni ya kamera.

"Mdogo wangu, mama ametutoka. Aliangukia shambani asubuhi, jioni hatukuwa naye. Hakuteseka. Sasa sikiliza. Wewe ndiye kitindamimba, nyumba ya mama ni yako, na udongo wa kwanza ni wako, hilo huhitaji kuambiwa. Wazee wamekubali tukungoje. Tuma neno tu. Wewe utasema, mimi nitautupa udongo kwa neno lako. Mwisho ni kesho kutwa, Jumamosi mchana, maana wanasema baada ya hapo jua litaziba katikati na hatutasikiana mpaka lipite. Tafadhali, Elimringi. Watu wote wako uani, tunangoja."

KATA AU ACHA? Chujio lilirudia swali lake kwa upole uleule.

Yafaa ieleweke runinga ilivyokuwa ikifika kambini, maana bila hilo mtu atamhukumu Namkunda haraka kuliko anavyostahili, au polepole kuliko anavyostahili. Siku ya Mirihi inaizidi siku ya duniani kwa kama dakika arobaini. Basi taarifa ya habari ya nyumbani, ile ya saa mbili usiku, wiki hii itaingia kambini watu wakinywa chai, wiki ijayo itaingia wakiwa kazini, na wiki nyingine watakuwa wamelala fofofo. Hakuna mtu angeweza kuifukuzia. Kila kitu kilirekodiwa. Dishi lilikuwa mlimani, waya ukashuka hadi chumba cha mawasiliano, ukaishia kwenye kijiti cha kupokelea mawimbi kilichochomekwa ubavuni mwa mpakato ambayo Namkunda alitoka nayo kwao Same. Kompyuta za kampuni zilikuwa kubwa na za maana, lakini zilijua kazi tu. Hata tamthilia moja zisingeipokea. Mpakato ile yenye herufi zilizofutika ndiyo iliyokuwa macho ya kambi nzima. Jioni watu wakikaa ukumbini, Namkunda anafungua alichorekodi, na Mirihi inageuka sebule ya nyumbani. Walimwita Mama Runinga, naye alilipenda jina hilo kupita kiasi.

Simu nazo zilikuwapo, lakini jua linapokaribia kuingia kati ya dunia na Mirihi njia ya mawimbi huwa nyembamba, na kampuni huifunga kwa watu binafsi, ikabakiza takwimu za kazi. Runinga ilikuwa na njia yake. Ndiyo maana watu wa nyumbani wenye jambo zito walikwenda kutangaza, kama zamani.

Na chujio? Chujio alilitunga Namkunda mwenyewe, kwa mikono yake, akishangiliwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amefungua matangazo ukumbini bila kuyapitia, na kijana wa Kisambaa aliyeitwa Mhina akasikia palepale, mbele ya watu wote, kwamba mwanawe amezikwa. Mhina hakulia. Kesho yake alishuka Ufani, ule mpasuko mrefu wa ardhi ambamo kambi hukata barafu ya maji yake, akasahau kufunga kamba. Baada ya maziko ya Mhina Namkunda alijifungia wiki nzima, akatoka na chujio: linasikiliza kila neno, linatambua kila jina la mtu wa kambi, linapima uzito wa habari, na likikata kitu linatafuta kwenye rekodi za zamani kipande kinachofanana, linakishona penye tundu ili mshono usionekane. Kipande hicho alikiita kijazo. Utaratibu ulikuwa kwamba habari ya msiba ikikatwa, mkuu wa kambi anaambiwa, na mfiwa anaitwa pembeni, anaelezwa na watu wazima, taratibu, akiwa amekaa. Ulikuwa utaratibu mzuri. Hata sasa ni mzuri.

Lakini palikuwa na kanuni ya pili. Aliyefiwa hashuki Ufani siku saba. Anashuka akiba wake, mtu aliyewekwa kushika nafasi yake. Na akiba wa Towo alikuwa nani? Namkunda Mchome.

Alikubali uakiba ule kwa mdomo tu, kwa sababu Towo haumwi, Towo hachoki, Towo ni jiwe. Mara moja tu Namkunda alipelekwa kwenye mdomo wa Ufa akaonyeshwa chini, pale ambapo taa ya mwenzake ilionekana nukta, na alirudi kwa magoti. Watu walicheka wiki mbili. Towo alicheka mwezi.

Matangi ya maji yalikuwa yamefika nusu. Mtu lazima angeshuka kesho.

Namkunda aliweka kijiko chini. Akajiambia: mwache Mangi Towo, chifu wa Wachaga, apumzike leo, leo ni fainali, ameisubiri. Akajiambia: nitamwambia kesho, akiwa amekaa, kama utaratibu unavyosema. Akajiambia habari ya Mhina. Aliyasema yote isipokuwa lile moja. Kisha akabonyeza KATA.

Chujio likafanya kazi yake bila kusukumwa. Likapekua rekodi, likapata kinachofanana: jina lilelile, kijiji kilekile, kipindi cha salamu cha mwezi uliopita. KIJAZO KIMEPATIKANA, likaandika. Hapo pia angeweza kulizuia. Alichukua bakuli lake la makande akaenda kuliosha.

*

Towo alifika ukumbini amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe.

"Mnaona mtu anayependwa na mama yake?" aliwauliza watu wote. "Leo ni zamu yake ya salamu. Aliniahidi. Kitenge kipya, cha zambarau. Mpare, fungua hiyo mitambo yako kabla hujaanza kutudai kiingilio."

"Mangi, wewe kaa chini. Mchaga akinyoa ujue kuna biashara," Namkunda alisema, na watu wakacheka, maana wale wawili walikuwa watani na kambi ilishazoea kula chakula chake kwa chumvi ya matusi yao. Mpare na Mchaga wakikaa meza moja, nani atatarajia amani? Towo hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu wafike. Alikuwa Mpare, alikuwa mama kesi, kwa vile Wapare husemwa kupenda mahakama, alikuwa wewe mla makande. Naye alikuwa Mangi asubuhi na Mangi jioni.

Matangazo yalianza. Bei ya mahindi, mvua za Lushoto, kisha salamu. Bibi Ndeonasia alitokea ameketi kwenye kigoda mbele ya migomba, kuku akipita nyuma yake.

Towo alisimama. Alisimama wima kabisa, mikono ubavuni.

"Shikamoo, mama."

"Elimringi, mwanangu, hujambo?" alisema yule mama. "Unakula? Nimeiona picha yako, uso umekwisha. Huyo Mpare wenu asikunyime chakula." Ukumbi ukaangua kicheko, vichwa vyote vikageuka kwa Namkunda. "Namkunda, mwanangu, unanisikia? Huyu ni wa mwisho kuzaa. Nimekuachia wewe. Mtani ndiye ndugu wa mbali, umwangalie."

Hayo alikuwa ameyasema mwezi uliopita, na mwezi uliopita Namkunda alijibu kwa sauti kwamba atamwangalia akilipwa kwa ndizi. Leo alijifanya anachezea waya wa spika.

"Ajabu," Towo alisema, ameketi sasa, nyusi zimekaza. "Amevaa kilekile. Alisema cha zambarau. Na maneno ni kama yaleyale."

"Mama akikuambia ule, akuambie na maneno mapya?" Namkunda alijibu, na ulimi wake ulikuwa mwepesi hata yeye mwenyewe akashtuka. "Na kitenge kipya ni cha kanisani. Wewe huwajui wanawake?"

Towo alifikiri. Uso ukalainika. "Kweli. Cha kanisani," alisema. "Umesema kweli, Mpare, mara moja katika maisha yako."

Fainali ikaanza. Towo alishangilia hadi sauti ikakauka. Namkunda hakuona hata bao moja, na wafungaji aliwajua kwa kuwa alishaitazama mchana.

*

Asubuhi alimfuata kwenye chumba cha kuvalia. Alikuwa hajalala vizuri, na alikuwa ameamua. Towo alikuwa ameshavaa vazi la nje, kofia ameishika kwapani, anakagua kamba yake pindo kwa pindo kama alivyokuwa akifanya kila siku tangu yule Mhina.

"Mangi. Kaa chini."

"Nikikaa na vazi hili utaninyanyua wewe?"

"Kaa chini, nina jambo." Hakukaa. Namkunda akaona akingoja atakosa nguvu, akalisema hivyohivyo. "Mama yako amefariki."

Towo alimtazama. Kisha midomo ikamtetemeka, mashavu yakavimba, akapasuka kwa kicheko.

"Tena? Amekufa tena? Safari hii umerithi nini, ng'ombe?"

Hapo ndipo Namkunda alipouona mtego aliojitegea mwenyewe. Muda si mrefu uliopita alisimama juu ya meza ya chakula, akawatangazia watu kwa sauti ya msomaji wa habari kwamba Bibi Ndeonasia Towo hatunaye na kwamba migomba yote ya Machame imerithiwa na Mpare mmoja mwenye haki zake. Towo alijibu kwamba migomba ya Machame ikiguswa na mkono wa Kipare inazaa kesi. Kambi ilivunjika mbavu. Ndivyo watani walivyo: mtani atakuzika ukiwa hai, atakulilia kwa kicheko, na hakuna anayekasirika. Kama kuna kinywa kimoja katika sayari ile ambacho hakikuweza kumpa Towo habari ya kifo, kilikuwa chake.

"Si utani," alisema.

"Hata siku ile ulisema si utani. Ukaongeza na machozi." Towo alivaa kofia. Sauti yake ilitokea kwenye redio sasa, bado inacheka. "Nimemwona jana kwa macho yangu, mama anacheka na kuku wake. Wewe fanya mazoezi, Mpare. Ukitaka kunidanganya jitahidi zaidi."

Mlango wa ndani ulifungwa, hewa ikanyonywa, wa nje ukafunguka.

Namkunda angeweza kupiga kelele. Angeweza kumwita mkuu wa kambi. Alisimama pale mkono umeshika kitasa, na kitu kilichompitia kifuani, aibu iliyoje, kilikuwa nafuu. Nimemwambia. Amekataa mwenyewe. Leo sishuki. Alirudi chumba cha mawasiliano akiuchukia mwili wake mwenyewe, miguu ile iliyokuwa inatembea vizuri.

*

Matangazo mapya ya nyumbani yaliingia kabla ya chakula cha mchana. Mpakato ilikuwa ikirekodi peke yake, ule mstari mwekundu unasogea, Namkunda anakunja nguo asizohitaji kukunja. Chujio halikuuliza kitu. Liliandika tu chini ya kioo: NIMEKATA KAMA JANA. NATAFUTA KIJAZO.

Akaiacha nguo. Lilikuwa limejifunza. Ndivyo alivyolitengeneza, lijifunze kutoka kwake, na lilikuwa mwanafunzi mzuri.

Alirudisha kipande kilichokatwa, akakitazama akiwa amesimama.

Ni Anaeli tena, shati lilelile la jana, macho mekundu.

"Elimringi. Jana tulikaa uani, runinga tumeitoa nje, kila mtu kimya, tukingoja jina lako. Halikuja. Leo asubuhi wazee wamekaa. Mjomba anasema mtoto aliyenyamaza mama yake akiwa ndani, asihesabiwe. Anasema nyumba ipewe mwingine na jina lako lisitajwe kaburini. Mimi nimegombana naye. Nimemwambia huyu simjui hivyo, huyu kama amenyamaza basi kuna kitu kimemziba mdomo." Akajifuta macho. "Tumemvika kile kitenge cha zambarau. Alikuwa amekiweka akusalimie nacho wiki hii. Basi. Kesho mchana."

Namkunda alikaa sakafuni, pale kwenye nguo. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. Kitu kilichomziba mdomo Elimringi Towo kilikuwa na jina, na wazazi, na kabila, na kilikuwa kimemwambia mtu ukumbini kwamba kitenge kipya ni cha kanisani.

Kisha alinyanyuka, akachomoa mpakato, akaenda ofisini kwa mkuu wa kambi. Bwana Mgaza alikuwa mtu wa tumbo kubwa na maneno machache. Alisikiliza yote. Hakumkatiza.

"Tangu jana?" aliuliza mwishoni.

"Tangu jana."

"Na mimi sikuambiwa."

"Hukuambiwa, mzee."

Bwana Mgaza alifumba macho. "Nitafungua njia ya kutuma neno nyumbani. Jua limekaribia mno, nikiomba sana nitapata ya dakika chache. Lakini matangi yako robo, Namkunda. Towo akipanda leo, nani atakata?"

"Akiba wake."

"Akiba wake ni wewe."

"Ndiyo, mzee."

Alimtazama kwa muda, kama mtu anayetaka kuuliza swali na anaona halina haja. "Nenda," alisema.

*

Kando ya mdomo wa Ufa palikuwa na kibanda kidogo cha chuma chenye hewa, cha kupumzikia, kilichounganishwa na kambi kwa bomba la kupitia watu. Towo alipanda kwa hasira, barafu imemganda mabegani, akavua kofia mara tu mlango ulipofunga na hewa kujaa.

"Nani ameumia? Mzee Mgaza ananiambia panda, hanielezi."

Namkunda aliweka mpakato kwenye benchi. Alishajifunza maneno yake yana thamani gani. Alifungua kipande cha jana, kisha cha leo, bila chujio, kama vilivyotoka nyumbani. Towo alitazama akiwa amesimama. Kaka yake aliposema jina lake alitikisa kichwa, kama mtu anayefukuza nzi. Vilipokwisha alisema, "Rudisha." Akatazama tena.

"Hiki umekitengeneza," alisema.

"Sikukitengeneza."

"Jana umenionyesha mama anacheka. Leo unanionyesha amekufa. Mashine ni hiyohiyo, mkono ni huohuo. Niamini kipi?" Sauti ilikuwa inapanda. "Unaweza kushona chochote, ulituambia mwenyewe, mshono hauonekani. Sasa huu ni utani gani? Nimeshaucheka asubuhi. Umekwisha. Mwambie Anaeli wako wa kutengeneza kwamba nimecheka."

Kweli, Namkunda amwonyeshe nini? Ushahidi wote aliokuwa nao ulikuwa kwenye mpakato, na mpakato alishaifanya mwongo. Alitazama ukutani. Vazi la akiba lilikuwa limetundikwa pale tangu kambi ifunguliwe, halijawahi kuvaliwa, jina MCHOME limeandikwa kifuani kwa rangi ambayo haikuwa na mkwaruzo.

Alilishusha. Aliingiza mguu mmoja, ukakwama, akauvuta. Akaingiza wa pili. Vifungo vikawa vinamponyoka. Alipofika kwenye mshipi wa kamba alilazimika kusimama na kuegemea ukuta, jasho linamtiririka. Akaendelea kufunga.

Towo aliiacha mpakato. Alimtazama akifunga kifungo cha kwanza, akamtazama cha pili. Mtu huyu aliyerudi kwa magoti. Mtu huyu aliyekataa hata kupiga picha karibu na Ufa, aliyesema watamshusha akiwa maiti tu. Kwa utani angefanya mengi, angelia, angetangaza, angeshona sura na sauti. Hili asingelifanya kwa utani, na Towo alilijua kuliko mtu yeyote.

Towo akakaa kwenye benchi kando ya mpakato, na vazi lile kubwa likamkalia vibaya.

"Mama," alisema.

Namkunda alisimama katikati ya kibanda, nusu amevaa. Desturi ilimtaka mtani atanie hapo, apige kelele, amshike mfiwa mkono amchekeshe katikati ya kilio. Hakuna utani uliomjia. Towo alilia kimya kwanza, halafu si kimya.

"Uliipata lini?" aliuliza, bila kuinua uso.

"Jana. Kabla ya ukumbi."

"Kwa hiyo niliposimama…"

"Nilijua."

"Nilimwamkia."

"Nilikusikia."

"Kwa nini?"

Jibu la Mhina lilikuwa tayari ulimini, jibu zuri, la huruma, ambalo kambi nzima ingelikubali. Namkunda alilimeza.

"Niliogopa kushuka. Ungeambiwa, ningeshuka mimi. Ni hilo tu."

Towo aliitikia kwa kichwa polepole. Redio ikakoroma: ni Bwana Mgaza, njia imepatikana, iko wazi sasa hivi, asichelewe. Towo alijifuta uso kwa mkono wa vazi. Akasimama. Lakini kwanza alimwendea Namkunda, akashika mshipi wake, akalifungua fundo alilofunga, akalifunga upya. Akalivuta. Akalifungua tena, akalifunga tena, akalivuta kwa nguvu zake zote mpaka Namkunda akayumba.

"Liko sawa," alisema.

*

Alishuka mgongo ukiwa nje na uso ukiwa ukutani, kama alivyofundishwa, macho yamefumba. Alifungua macho kwa sababu ilibidi. Barafu ilikuwa ya kijivu, kisha ya buluu. Alipiga kelele mara mbili, hakuna aliyemsikia, alikuwa amezima kipaza sauti chake. Alipofika chini aliishika mashine ya kukatia kwa mikono miwili.

Redio ya kofia ilikuwa wazi. Towo, kule juu kibandani, alikuwa anazungumza na nyumbani. Maneno yangefika baada ya dakika ishirini na kitu. Kule uani watu bado walikuwa wameketi hawajui.

"Shikamoo, mama," alisema. Alinyamaza kama anayengoja kuitikiwa. "Anaeli, kaka yangu, ni mimi. Nimesikia. Udongo wa kwanza ni huu: mama, lala. Nyumba nitaitunza. Utupe, kaka, kwa jina langu, kwa mkono wa kulia. Wazee wangu, naomba radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa chini kazini, habari zikanichelewa. Nililetewa na mtani wetu, Namkunda, yule mliyemsikia mama akimtaja. Asanteni kwa kuningoja."

Basi. Hakuongeza kitu.

Namkunda alisimama chini ya Ufa na mashine mikononi. Alitamani Towo amtaje kwa alichofanya, mbele ya mjomba, mbele ya uani mzima. Angeweza kuvumilia hilo. Hili la kufunikiwa kosa hakujua alibebe wapi.

Kamba yake ikatikiswa kutoka juu. Towo alikuwa amerudi kwenye mdomo wa Ufa, ameishika. Namkunda aliwasha kipaza sauti, akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo.

"Mangi," alisema, "huku chini baridi ni ya kufa mtu. Barafu yenu ya Kilimanjaro ni ya kunywea soda tu. Na nikipanda nakupeleka mahakamani, kamba umenibana makusudi."

Alingoja. Mla makande, angesema. Mama kesi. Angesema chochote, kibaya kuliko vyote, naye angekipokea kwa mikono miwili.

"Pole na kazi, dada Namkunda," Towo alisema, kwa adabu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgeni. "Kata taratibu. Nimekushika."